Mangi, ile sio lobelia

Kaka Eliya,

Mambo vipi huko? Mzima wewe, shemeji mzima, mtoto kaacha kulia usiku? Mimi ni mzima wa kukaa, goti ndo limegoma, ntafika huko. Najua umenuna. Miezi minne sijakujibu, simu zako zimeita mpaka zikakata zenyewe, na sina la kujitetea zaidi ya kwamba nilikuwa na hasira na kila kiumbe chenye miguu miwili inayofanya kazi. Nisamehe bwana. Na nakuandikia badala ya kutuma voisi kwasababu najijua, kwenye voisi ntaanza kucheka nisahau nilichotaka kusema, na safari hii nina shida na wewe. Sio ya hela, punguza presha.

Baba Naomi kaniambia unapandisha kundi Kilimanjaro Jumanne kwa njia ya Marangu, siku sita, na mtalala kambi ya Horombo mara mbili ili wageni wazoee hewa. Aisee niliposikia hivo niliruka, niliruka kwa mguu mmoja lakini niliruka. Maana ile siku ya kupumzika si mtawatembeza mpaka kwenye yale mawe ya Zebra, na njia ya Zebra ndo ninayoitaka mimi.

Unaikumbuka ile mimea midogo inayosimama wima kama vidole vya kijani, ile tunayowaambiaga wageni ni mtoto wa lobelia, yale mamea marefu ya huko juu? Sio lobelia. Wala sio ndugu yake, wala sio jirani yake kwa ukoo. Tumedanganya watu, mangi. Mimi nimedanganya miaka sita na wewe nimekuambukiza, maana mimi ndo nilikufundisha tripu yako ya kwanza pale chini ya daraja, nikakwambia kwa sauti ya mtu anayejua, "hizi zikikua zinakuwa yale marefu." Mzee Temba alikuwepo na akatikisa kichwa, mi nikadhani anakubali.

Aliyenishika ni bibi mmoja mgeni, tripu yangu ya mwisho kabla ya goti. Miaka sabini na kitu, mwembamba kama fimbo yake, kwao alikuwa anafundisha mimea chuoni kabla hajastaafu, mi sikujua, angeniambia mapema ningefunga mdomo. Tumefika juu ya Horombo kidogo, akapiga magoti kwenye unyevu, akaniuliza hii mnaiitaje. Nikajibu bila kupepesa, mtoto wa lobelia. Akauliza, lobelia si hutoa maua? Nikasema ndio. Akauliza, na huyu mtoto atatoa lini? Nikasema akikua. Yule bibi alicheka mpaka akakohoa, na unajua kucheka kwenye mita 3700 na ushee unakulipia kwa pumzi. Alafu akanivuta mkono nipige magoti na mimi, akatoa lenzi ndogo iliyokuwa inaning'inia shingoni kama rozari, akasema angalia mwenyewe.

Sasa hapa ndo nataka unisikilize vizuri maana Jumatano au Alhamisi utakuwa pale na utaangalia mwenyewe.

Kwanza urefu. Mkia mmoja (naita mkia, utaona kwa nini) ni kama shubiri, mwingine unapita kidogo, na unene ukihesabu na majani yake ni kama kidole chako cha kati. Chini unaanza kwa kulala kidogo kwenye udongo alafu unajikunja na kusimama wima, kama mtu aliyeamshwa na baridi. Hauna matawi ya ovyo. Ukiamua kugawanyika unagawanyika pacha sawasawa, kama manati, hakuna shina kubwa na mtoto wake, yote mawili yana haki sawa. Majani ni mafupi, magumu, yamechongoka, yamepangwa kwa kuzunguka shina na yamelaliana kama vigae vya paa. Ukipitisha kidole kutoka chini kwenda juu ni laini, ukirudisha chini yanakwaruza. Jani moja lina mshipa mmoja tu katikati, basi, hakuna ule utando wa mishipa kama kwenye jani la mgomba au la senesio, yale mamiti ya huko juu.

Alafu akaniambia niinue jani moja kwa ukucha, taratibu. Kwenye kwapa la jani, pale linapokutana na shina, kumekaa kifuko cha manjano, kidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, umbo lake ni la figo. Jani la pili nalo lina chake. La tatu lina chake, kimeshapasuka kwa juu kama mdomo, na bibi alipogusa kwa ncha ya kalamu ukatoka unga. Unga wa manjano mwembamba kuliko poda ya mtoto, ukapotea na upepo kabla sijasema lolote. Hiyo ndo mbegu yake, akasema, alafu akajisahihisha, sio mbegu, ni spora. Huyu hajawahi kutoa ua wala mbegu tangu ukoo wake uanze. Miaka sita nawaambia watu atatoa maua akikua!

Jina lake la kitaalamu ni Huperzia saururus. Hilo la pili maana yake mkia wa mjusi, na ukiuangalia ukiwa na habari hiyo huwezi tena kuona kitu kingine, ni mkia wa mjusi umechomekwa ardhini na mjusi mwenyewe kabaki chini. Wataalamu wengine siku hizi wameuhamishia jina la kwanza jipya, Phlegmariurus, mi huko siendi, ulimi wangu una goti pia. Kiswahili chake sikijui na nimeuliza watu wazima wanne hapa kijijini, mmoja kasema ni kuvumwani, mwingine kasema kangaga, wawili wamesema niende hospitali. Sio kuvumwani, maana kuvumwani haina mishipa ya kupandisha maji na hii inayo. Kangaga nayo wana undugu wa kutoa spora tu, lakini ni ukoo mwingine kabisa. Mi nimeamua ni mkia wa mjusi na ndo ntakachowaambia wageni nikirudi.

Kuna kitu kimoja kinanikosesha usingizi, cha mizizi. Kwenye huu mmea mizizi inaanzia juu, ndani ya shina, inateremka ndani kwa ndani kama nyaya kwenye bomba, alafu inatokea chini kabisa ndo inashika udongo. Yaani ukiona shina limesimama, ndani yake kuna mizizi yake inasafiri. Nimekaa hapa na mguu juu ya stuli naliwaza hilo mpaka mama ananiuliza unaumwa nini kingine.

Na huu mmea, kwanini uko pale ulipo? Wewe umelala Horombo mara ngapi, unajua asubuhi maji ya ndoo yanavyokuwa yameganda na ule udongo wa njiani umeinuliwa na sindano za barafu, ukikanyaga unalia kama biskuti. Saa nne asubuhi unavua koti, saa tano pua inaungua. Kuna mtaalamu wa mimea wa Sweden, Hedberg, aliyekuja kwenye hii milima yetu mwaka 1948, yeye alisemaga huku juu kila mchana ni kiangazi na kila usiku ni kipupwe, na sijasikia mtu aliyeisema vizuri zaidi. Sasa jiulize mmea unaishije hapo. Asubuhi jua limeshachoma na upepo unanyonya maji kwenye majani, lakini chini udongo bado umeganda, mizizi haiwezi kunywa. Mmea wenye majani mapana na mepesi umeshakufa. Huyu kajifunga, majani madogo, manene, yamebanana, upepo haupati pa kuingilia. Lobelia naye ana dawa yake ya baridi, ile ya kukusanya maji katikati yakaganda juu na kichipukizi kikabaki salama kwa chini, hiyo angalau tulikuwa tunawaambia wageni kweli.

Ukiutafuta utafute kwenye unyevu. Kwenye mafundo ya nyasi, pembeni ya vijito karibu na masenesio, kwenye mipasuko ya mawe ambako udongo mweusi umejikusanya. Unaanza kuukuta kule miti ya Erika inapoisha ukubwa na kuwa vichaka, mita elfu tatu na kitu, na unaendelea mpaka kupita elfu nne. Kwenye ule mchanga mkavu wa Saddle, ule uwanda wa juu kati ya Kibo na Mawenzi, mi sijawahi kuuona hata mmoja, labda wewe macho yako mazuri. Na chini zaidi karibu na kambi ya Mandara kuna binamu yake anatambaa, yule ana vijiti virefu vyenye virungu juu na unga wake anauweka kwenye virungu. Huyu wetu hana kirungu, unga wake uko kwapani. Usije ukawachanganya ukaniletea picha ya binamu. Unga wa binamu, kumbe, unashika moto kwa mlipuko, watu wa zamani waliutumia kwa fataki na kwa mwanga wa kupigia picha, na Wafaransa wawili ndugu mwaka 1807 waliendesha injini ya boti kwa huo unga. Injini! Kwa poda ya majani! Lakini nimetoka nje ya mada.

Mada ni hii. Naomba unitafutie kichaka kimoja. Ukitoka Horombo kwenda Zebra, ukivuka kile kijito cha kwanza, kuna jiwe kubwa lililopasuka kati upande wa kushoto, lile Kibonge, yule mpagazi wetu, alilolala akijifanya anatapika ili asibebe gesi. Nyuma ya jiwe, upande usiopigwa na upepo. Kichaka cha mikia kumi na mmoja. Ilikuwa kumi na mmoja. Nataka unihesabie.

Utasema mgonjwa huyu kachanganyikiwa, kuna mikia mamia mlimani, kwanini hiyo. Ngoja.

Yule bibi alipokuwa ananieleza habari za ukoo mi nilikuwa nasikiliza nusu. Alisema hawa walikuwepo kabla ya maua yote duniani, kabla ya madinosari, ukoo wao una zaidi ya miaka milioni 400, na kulikuwa na jamaa zao waliokuwa miti mikubwa ya kupita mita 30, wakafa wakafukiwa kwenye matope na sehemu kubwa ya makaa ya mawe ya Ulaya na Marekani ni wao. Na mkia huu huu wa mjusi uko Mlima Kenya, uko Elgon, uko Ruwenzori, unashuka mpaka milima ya Drakensberg kule Afrika Kusini, uko kisiwa cha Réunion, na ukivuka bahari yote uko kwenye milima ya Andes huko Amerika Kusini. Kwa unga ule mwembamba uliopotea mbele ya macho yangu. Kule Ajentina wanauita mkia wa mnyama wao mmoja anayefanana na kakakuona, na wananywa chai yake eti kwa kumbukumbu na kwa... nguvu za kiume. Kosa langu kubwa ni kumsimulia Kibonge hiyo sehemu ya mwisho. Mangi, yule kijana alishaanza kupiga hesabu ya chupa. Nimemwambia una kemikali kali, ndo zinazofanya kazi kwenye ubongo, sio mchaichai, unaweza kuishia unatapika bila kujifanya. Hajanielewa. Ndo maana hili la jiwe lipi libaki kwako.

Sasa nirudi. Bibi alikuwa anaongea huku anahesabu mikia kwa kidole, na akafika kwenye tundu. Tundu dogo kwenye udongo, pembeni, limeanza kuota nyasi. Akasema hapa kulikuwa na mwingine, umeng'olewa. Akaniangalia. Nikasema pengine ni mnyama.

Ni mimi, Eliya.

Mwaka wa nyuma yake, tulipokuwa tunashuka na lile kundi la watu kumi na wanne, nilibaki nyuma nikasema nafunga kamba ya kiatu, nikaung'oa mmoja, nikauficha kwenye mfuko wa koti la mvua. Najua sheria ya hifadhi, hata jiwe huruhusiwi kutoka nalo getini, mi ndo huwa nawasomea wageni hilo bango kwa sauti. Nilitaka kuupanda kwa mama. Nilijisemea ni zawadi, maana mama kakaa chini ya huo mlima miaka yote na hajawahi kupita geti, nikasema basi mlima kidogo uje kwake. Nikaupanda kwenye kopo la rangi, nikautilia udongo mzuri wa mgombani, nikauwekea na samadi. Samadi, mangi! Nilidhani naupenda. Nikawa namwagia maji kila jioni.

Na wenyewe ulinidanganya vizuri kuliko nilivyodanganya mimi. Ulikaa kijani wiki na wiki, mama akawa anawaonyesha majirani. Kumbe ulishakufa siku niliyoung'oa, ulikuwa unakauka polepole tu kama mti wa Krismasi. Siku moja nikaugusa, majani yakabaki mkononi, ndani ni kahawia.

Nilikuja kumuuliza bibi jioni mezani, nikajifanya nauliza kwa ajili ya mtu mwingine, je mtu akiupanda nyumbani utaota? Akasema hapana, na akaeleza. Ile spora ikianguka haiwi mkia. Inaingia ardhini, inakuwa kitu kidogo hivi kisicho na kijani, kinaishi gizani kwa kulishwa na kuvu, na kinaweza kukaa huko miaka. Miaka. Hapo chini ndo mbegu ya kiume inaogelea kwenye unyevu kutafuta yai, na wakikutana ndo mkia mpya unaanza kusukuma kuja juu, na ukishatoka bado unakua kwa mwendo wa Mzee Temba akiwa na wageni wa Kichina wanaopiga picha kila jiwe. Alimaliza akasema, yule mnyama aliyeng'oa hakujua anang'oa kitu cha muda gani. Alisema "mnyama" kwa namna fulani. Aliendelea kunywa supu yake. Na kesho yake akanipa ile lenzi, ninayo hapa kwenye meza, na hakunisema chochote mpaka tunaachana getini.

Siku mbili baadae nikateleza kwenye mteremko mtupu usio na kitu, goti likalia. Mama anasema ni mlima. Mi nasema ni viatu vilivyoisha soli, lakini usiku sijui.

Basi shida yangu ndo hiyo. Daktari kasema mpaka mwisho wa mwaka nisipande hata ngazi za kanisa, na mimi kila nikilala naona lile tundu. Nilipotoka ilibaki mikia kumi. Wawili kati ya hiyo ni wale waliogawanyika kama manati, kila mmoja mhesabu kwa shina la chini, sio kwa ncha, usije ukaniletea kumi na mbili. Usikanyage ule udongo mweusi, simama kwenye jiwe uiname. Inua jani moja tu, uangalie kama vifuko bado vimefunga au vimeshatoa unga. Piga picha kwa karibu, simu yako nzuri kuliko yangu. Alafu angalia lile tundu. Najua hamna kitu, nishakueleza habari za miaka, nina akili zangu timamu, lakini angalia.

Na wageni waambie ukweli sasa, waambie ni mkia wa mjusi, na kama kuna uliowahi kuwapandisha ukawaambia lobelia na bado mnawasiliana, mi nadhani uwaandikie. Au tuache? Utanishauri.

Niambie basi: wale wageni wako wanatembea au wa kubebwa? Mvua imeshaanza kule juu au bado vumbi? Kale kaeneo kalikoungua kwenye ule moto wa Oktoba 2020 ulioanzia Whona, Erika zimesharudi kimo gani, zinafika kiunoni? Mzee Temba bado anapandisha au kweli kaacha kama anavyosema Naomi? Na alijua ile siku? Ile alivyotikisa kichwa, alikuwa anajua sio lobelia akaninyamazia? Muulize, ila muulize kwa adabu. Na wewe umenuna mpaka lini?

Lenzi ntampa Baba Naomi akuletee Jumatatu jioni, ina kamba, ivae shingoni, ukiipoteza usirudi. Ukikuta kumi niandikie kumi. Ukikuta tisa niandikie tisa, usinipake mafuta.

Wako wa mguu mmoja,
Fidelis

Kibonge akiuliza mbona unazunguka nyuma ya jiwe, mwambie unaenda haja.